Punda wa Askofu Merkuri

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni!
Imetoka mbali, ina njaa.
— Tuilishe masikio!

Hapo kale, kando ya mto mkubwa, paliishi askofu aliyeitwa Merkuri. Pete yake alikomboa nayo mateka. Joho lake alimfunika nalo mkoma. Akabaki na punda.

Giza lilipomkuta njiani, alibisha hodi. Mji wa Juu wakasema, "Leo tumejaa." Mji wa Kati wakasema, "Ananuka punda." Mji wa Chini hawakusema kitu, walimfungulia mbwa. Basi akawa analala kwa Bibi Asta, mfinyanzi mjane, katika kibanda chake cha udongo. Bibi Asta alimpa uji, akampa punda pumba, kisha akamtania: "Baba Askofu, na mbinguni utaingia miguu mitupu?" Askofu alicheka mpaka uji ukamwagika.

Akafa. Kipofu akagusa sanda yake, akaona. Hapo miji yote mitatu ikakumbuka kwamba ilimpenda sana. Maana mifupa ya mtakatifu huleta mahujaji, na mifupa haili uji.

Wakagombana mpaka marungu yakatoka. Liwali wa nchi akasema, "Tufuate desturi. Jeneza lipakiwe juu ya punda wake, wala asiongozwe na mtu. Atakaposimama, hapo ndipo mtakatifu alipopachagua, na hapo tutajenga kanisa."

Punda akaenda, kwato ko-ko, ko-ko, masikio juu, masikio chini, akiimba:

Alipokula mzee, ndipo nilipokula;
alipolala mzee, ndipo nilipolala.

Akasimama kwa Bibi Asta. Bibi alikuwa akimlilia rafiki yake tangu asubuhi, lakini alipouona umati nyuma ya punda, machozi yalikauka. Kibanda kile ndicho pekee alichoachiwa na marehemu mumewe.

"Pita, mwanangu," alinong'ona.

"Nipite niende wapi, bibi? Pumba ziko hapa."

Wazee wakapiga magoti. "Bibi, umebarikiwa," walisema. "Hama."

Kibanda kikabomolewa. Lakini kabla jiwe la kwanza halijawekwa, Mji wa Juu wakanung'unika: punda alikuwa na njaa, arudie. Punda akarudia, ko-ko, ko-ko, masikio juu, masikio chini:

Alipokula mzee, ndipo nilipokula;
alipolala mzee, ndipo nilipolala.

Akapanda kilima hadi kwenye kijumba cha majani alikohamia Bibi Asta na chungu chake cha pumba.

"Pita, mwanangu."

"Nipite niende wapi, bibi?"

"Bibi, umebarikiwa mara mbili," walisema wazee. "Hama."

Sasa Mji wa Chini nao wakanung'unika: kilima kiko mbali na kwao, punda arudie. Bibi Asta akamwendea liwali.

"Bwana, safari hii nikae wapi?"

Liwali alikuwa anakula, hakuinua uso. "Kaa popote upendapo, bibi. Nchi ni pana."

Bibi Asta akashukuru, akatoka, akapanga mafiga yake matatu kwenye lango la liwali.

Punda akaja, ko-ko, ko-ko, masikio juu, masikio chini.

"Pita, mwanangu," alisema Bibi Asta, huku akitikisa chungu cha pumba.

Punda akasimama tuli. Wazee wakapiga magoti. "Bwana liwali, umebarikiwa," walisema. Kisha wakatazamana, na aliye mbele akamalizia kwa sauti ndogo: "Hama."

Liwali akaitazama roshani yake. Akayatazama mazulia yake. "Jamani," akasema, "tangu lini punda akachagua kanisa?"

"Punda ni punda," wazee wakaitikia upesi.

"Tena huyu ni mlafi," akaongeza mmoja.

"Nami nilidhani hivyo tangu kibanda cha kwanza," alisema Bibi Asta. "Basi kilichobomolewa kwa neno la punda kijengwe kwa neno la liwali. Na mgeni wangu nirudishieni. Amezoea kulala pale."

Kibanda kikajengwa. Askofu akazikwa mlangoni, bila ukuta, bila kufuli. Watu wa miji mitatu huja na mishumaa na nyuso za huzuni, na Bibi Asta huwauliza, "Mmeshakula?"

Mpende mtu angali anakula. Akishakuwa mifupa, kila mtu ni rafiki yake.

Hadithi yangu imeshiba, inakwenda zake. Asiyeamini amuulize punda, ila aende na pumba.