Wimbo Hauna Mlango wa Uani

"Wimbo hauna mlango wa uani," alisema Mzee Mhoja, mkasi wake ukiwa katikati ya boksi la sabuni.

Watoto wa darasa la nne walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mzee, mwalimu mstaafu, alikuwa amebaki darasani na Siwema na Malongo, wanachuo wa ualimu waliokuja shuleni hapo kwa mazoezi ya kufundisha. Walikuwa wakikata maboksi yawe kadi ndogo, upande mmoja swali la kuzidisha, upande wa pili jibu. Siwema ndiye aliyeuchokoza msemo huo. Alikuwa ameuliza kadi zote hizi ni za nini, wakati watoto wanaiimba tebo ya saba mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza.

"Uani kwa nani tena, babu?" Malongo akauliza, akicheka.

"Nyoosha kwanza ukingo huo," mzee akamwambia. Kisha akawasimulia. Chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Mhoja alipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne, alipewa darasa la nne katika shule hii hii. Alipenda muziki, basi akaitungia tebo ya saba wimbo wenye makofi. Mwimbishaji alikuwa Kalunde, binti wa fundi baiskeli, mwenye sauti iliyotoka dirishani ikafika kisimani. Wazazi walimsifu mwalimu. Naye aliamini, kwa moyo mweupe, kwamba anayeimba anajua.

Siku moja Mratibu Elimu wa Kata akaja na daftari lake. Enzi hizo aliyeshindwa hesabu darasa la nne hakupanda la tano, alikariri darasa. Watoto wakaimba, na Mratibu mwenyewe mguu ukamcheza. Wimbo ulipokwisha akamwelekea Kalunde.

"Wewe mwimbishaji. Saba mara nane?"

Kalunde akasimama wima. Midomo yake ikaanza kucheza polepole. Mratibu akatazama saa.

"Hamsini na sita," Kalunde akasema mwishowe.

"Saba mara sita?"

Midomo ikaanza upya. Safari hii Mratibu hakusubiri. Aliandika jina la Kalunde kwenye ukurasa wa watakaokariri. "Nitarudi baada ya wiki tatu, mwalimu. Akiwa hivi hivi, jina halifutiki."

Kutoka dawati la nyuma ikasikika sauti ya Sitta, mtani wa darasa: "Kakariri tebo, sasa akariri na darasa!" Wakacheka wote. Kalunde akainamisha kichwa.

Ingekuwa rahisi kwa Mhoja kusema kwamba mtoto huyu ni mzito, au mwoga. Lakini hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Wakati wa mapumziko alimwita Kalunde, akamuuliza maswali yale yale, na badala ya kusikiliza jibu akaitazama midomo.

"Unafanya nini hapo mdomoni?"

"Naimba, mwalimu."

"Kuanzia wapi?"

"Saba mara moja."

"Kwa nini usianzie pale pale kwenye nane?"

Kalunde alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Siwezi, mwalimu. Nyumbani nikichelewa napita mlango wa uani, baba aliye barazani asinione. Wimbo hauna mlango wa uani. Lazima nipite mbele, nimwamkie kila mmoja mpaka nimfikie ninayemtaka."

 Nyumba ile yenye mlango mmoja aliijenga Mhoja mwenyewe.

Siku hiyo alikata kadi zake za kwanza. Alimuuliza Kalunde moja moja, akazigawa mafungu mawili: alizojibu papo hapo, na alizoziimba. Za kuimba zilikuwa sita. Hakumpa zote. Alichukua mbili tu, akazichanganya na nne anazozijua ili moyo wake utulie, na kila asubuhi alizivuruga kabla ya kuuliza. Dakika tano, basi. Midomo ikianza kucheza, tuseme kwenye saba mara sita, alimwambia, "Usiimbe. Jirani yake unayemjua ni nani?"

"Saba mara tano. Thelathini na tano."

"Basi pita kwake."

Kalunde akaongeza saba. Arobaini na mbili.

Mbili zilipokuwa nyepesi, ziliongezwa nyingine, na zile za zamani zikawa zinarudi mara kwa mara zisisahaulike. Baadaye darasa zima likaulizana wawili wawili. Hapo ikajulikana kwamba Sitta naye, kwa saba mara sita, huanzia mlango wa mbele. Utani ukamkauka mdomoni.

Wiki tatu zikaisha, Mratibu akarudi.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita." Jibu lilitoka pale pale.

"Saba mara tisa?"

Kalunde akasita.  Kadi hiyo walikuwa wameianza jana yake tu. Mhoja akaitazama midomo ya mtoto. Haikucheza.

"Saba mara kumi ni sabini," Kalunde akasema kwa sauti. "Nikitoa saba, sitini na tatu."

"Umepita wapi wewe?" Mratibu akauliza.

"Uani, shikamoo!"

Darasa likacheka, safari hii pamoja naye. Mratibu hakuelewa mpaka alipoelezwa. Akafungua daftari, akalikata jina kwa mstari mmoja.

"Na wimbo mkauacha?" Siwema akauliza.

"Tuuache kwa nini? Nyumba gani haina mlango wa mbele?"

Mlinzi alikuwa akipita na funguo, akifunga madarasa. Mzee Mhoja akazifunga kadi za saba kwa mpira. Za nane zilikuwa bado boksi zima.

"Hizo kesho," akasema.

Siwema akachomoa kadi moja, akaziba jibu kwa kiganja, akamgeukia mwenzake. "Malongo. Saba mara saba?"

Malongo akatazama dari. Midomo yake ikaanza kucheza polepole.

"Haya," mzee akasema, akiokota mkasi wake. "Wimbo hauna mlango wa uani."