Mawifi Watatu na Jina Moja

Sogeeni karibu, na nyinyi mnaopenda kubisha sogeeni zaidi, maana kazi hii ni yenu.

Mwanaidi alikuwa na mawifi watatu. Mkubwa, Kibibi, fundi cherehani, alikuwa na jicho: mshono ukiruka tundu moja, alijua. Wa kati, Zuwena, alikuwa na mdomo, na mtaa mzima ulimwogopa. Mdogo, Raya, alikuwa na elimu. Alikuwa daktari wa watoto, kazini mji wa mbali. Mwanaidi mwenyewe alikuwa na mwana wa miezi saba, Shaali, na mimba changa.

Shaali akaanza kukurupuka kila akiamka. Kichwa kinainama, mikono inatanuka, kisha kilio. Mwanaidi akasema ni mchango, ugonjwa wa tumbo wa watoto wote. Akamkanda mafuta, akamnywesha dawa ya mizizi, wiki mbili zikapita. Mtoto aliyekuwa akicheka akaacha kucheka.

Hapo Mwanaidi akaingiwa na hofu, akaapa mbele ya mawifi zake, Raya akiwa kwenye simu: "Atakayeniokolea mwanangu, huyu wa tumboni akiwa wa kike atapewa jina lake. Atakuwa somo yake." Na somo si jina tupu, jamani. Ni mama wa pili, mpaka siku ya harusi.

Kibibi alikaa na Shaali asubuhi tatu, akihesabu kama anavyohesabu mishono. "Wifi, tumbo halina mpangilio huu," alisema. "Akiamka tu, mara ishirini mfululizo. Hili ni la kichwa."

Zuwena akambeba hadi hospitali. Wakamwambia mashine ya picha ya ubongo ina foleni, arudi mwezi ujao. Akaketi sakafuni, mlangoni pao. "Mwezi ujao mtampiga picha nani? Mtoto wa kaka yangu anapotea leo!" Alikaa siku mbili, na picha ikapigwa.

Raya akaja, akaitazama picha, akamketisha Mwanaidi kando yake.

"Wifi, ubongo una mikunjo, kama ule wa mbuzi unaouona buchani. Wa Shaali ni laini. Mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo husafiri kutoka ndani kwenda juu. Kila seli ina kiunzi chake: nyuzi za kushika njia mbele, nguzo za kulinda umbo, na wachukuzi wa kuvuta mzigo juu ya nguzo. Kwa Shaali, nguzo zina kasoro. Seli nyingi zikakwama njiani."

"Ni ile mizizi yangu?"

"La. Ilikuwa hivyo kabla hajazaliwa."

"Atapona?"

"Mikunjo haitakuja tena, wifi, sikudanganyi. Lakini hii mikurupuko ndiyo inayommaliza kila siku, nayo nina dawa yake."

Asubuhi ya tisa ya dawa, Shaali aliamka. Wanawake wote wanne wakamwinamia. Hakukurupuka. Alimtazama mama yake, akacheka, na Mwanaidi akalia kwa sauti.

Miezi ikapita, akazaliwa msichana. Siku ya saba, siku ya jina, mawifi wakakaa wamenuniana.

"Bila jicho langu mngekuwa bado mnamkanda tumbo," alisema Kibibi.

"Na bila mdomo wangu, jicho lako lingebaki linatazama," alijibu Zuwena.

"Na picha mngeisoma nyinyi?" aliuliza Raya.

Kibibi akainamisha kichwa. "Nami sikujaaliwa mtoto."

"Uhitaji si jasho la kumwokoa mtoto, dada," alisema Zuwena, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwanaidi akamtazama Shaali, aliyelala pajani pake, shingo bado haijakaza. "Raya," akasema, "seli ikifika juu salama, ni nani kaifikisha? Nyuzi, nguzo, au wachukuzi?"

Raya akaishika ile shingo legevu. Kwa Shaali nguzo tu ndizo zilizokuwa na kasoro, na seli hazikufika.

"Mama, jina?" akauliza mwalimu aliyekuja kusoma dua.

Kiapo ni kiapo, na jina ni moja. Haya, wabishi wangu: mwalimu anangoja, kichanga ameanza kulia, na macho ya mashangazi watatu yamemkazia mama. Mngemnong'oneza Mwanaidi atamke jina la nani?