Nguchiro Atafuta Chanzo cha Vita

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati Mwenyezi Mungu alikuwa bado hajawanyang'anya wanyama midomo ya kusemea, aliishi Nguchiro, mfupi wa miguu, mrefu wa mkia, na maneno yake marefu kuliko mkia. Yeye na mkewe, Mama Chuchu, walikuwa na nyumba ndani ya kichuguu, katikati ya uwanda.

Mama Chuchu alikuwa amejifungua jana yake. Watoto walikuwa laini kama ugali wa moto, macho hata hawajafumbua. Nguchiro akatoka asubuhi kumtafutia mzazi mayai. Hajafika mbali, akasikia ardhi inatetemeka. Ngudu! Ngudu! Ngudu!

Upande wa mashariki Tembo walikuwa wamejipanga mistari, wakinoa pembe. Upande wa magharibi Viboko walikuwa wakifanya mazoezi ya kufungua vinywa. Whaaa! Pwap! Whaaa! Pwap!

"Shikamoo, Mzee Tembo," akaamkia Nguchiro.

"Marahaba. Hama."

"Nihame?"

"Leo tunapigana na Viboko. Tumepima vizuri, tutagongana hapo penye kichuguu chako."

"Mzee wangu, mke wangu mzazi! Watoto hawajafumbua macho, hawabebeki!"

"Basi hawataogopa," akasema Tembo, akaendelea kunoa.

Nguchiro akakimbia mpaka kwa Mzee Kiboko. Naye akamjibu yale yale, tena kwa mate. Akamwendea Twiga, aliyekuwa amevaa kofia ya vita ambayo hakuna aliyeweza kuiona, kwa jinsi ilivyokuwa juu.

"Bwana Twiga, wewe vita hivi vinakuhusu nini?"

"Tembo ni shemeji yangu."

"Na wewe Punda Milia?"

"Mimi nilimwahidi Twiga kwamba akienda nitakwenda. Nilikuwa nimeshiba siku hiyo."

"Na wewe Fisi? Nimekuona pande zote mbili."

"Mimi," akasema Fisi kwa unyenyekevu, "niko upande wa watakaokufa."

Nguchiro akarudi kwa Tembo, karibu kulia. "Mzee, kwani haviwezi kuahirishwa?"

"Viahirishwe? Huoni uji wa askari umeshapikwa? Mapipa na mapipa! Nani ataunywa?"

"Si mnaweza kuunywa bila kupigana?"

Tembo akafikiri mpaka masikio yakasimama. "Uji wa vita, unywewe bila vita? Utatuharibu matumbo."

Basi Nguchiro akaenda nyuma ya kichuguu, akainamisha kichwa. "Ee Mungu, nguvu hukunipa. Kimo nacho umeninyima. Silalamiki. Ila nisaidie kwa hiki kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa ulimi. Akapanda juu ya kichuguu chake, akapiga kelele:

"Waheshimiwaaa! Askari wenu wakifa leo, Mungu atawauliza, 'Ninyi mmekufa kwa ajili ya nini?' Mmewafundisha jibu?"

Askari wakatazamana. Tembo mmoja kijana akanyoosha mkonga: "Kwa ajili ya... uji?"

"Kaa chini, mpumbavu!" akafoka Mzee Tembo. Lakini aliona aibu. "Sisi tuna sababu, tena kubwa! Kiboko amekanyaga mihogo yangu!"

"Nimekanyaga kwa sababu ulikoroga bwawa langu!" akajibu Kiboko.

"Nilikoroga kwa sababu ulimwita shangazi yangu upara!"

"Upara anao! Na nilimwita hivyo kwa sababu baba yako alikataa posa ya baba yangu!"

"Alikataa kwa sababu ya aliyoyafanya babu yako kwenye msiba wa bibi yangu!"

"Aaa!" Nguchiro akapiga makofi. "Tumefika kwenye mzizi. Huyo babu yake Kiboko alifanya nini?"

"Alicheka. Msibani!"

"Kucheka tu?" Nguchiro akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee, watu wote hawa wafe kwa kicheko kimoja? Mungu atauliza kama hamna kikubwa zaidi."

Tembo akalitazama jeshi lake. Jeshi nalo likamtazama.

"Hakucheka tu! Alivaa... alivaa kanga ya marehemu!"

"Du! Akaishia hapo?"

"Hakuishia! Akaingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku!"

"Lahaula!" wakaguna Tembo wote.

Kiboko hakukubali kuzidiwa. "Na babu yako je? Alimmwagia babu yangu majivu! Akamwita kinywa cha gunia, mbele ya waombolezaji!"

"Alistahili! Alikimbia na sufuria ya wali!"

"Na huyo kuku," akauliza Nguchiro taratibu, "alipewa?"

"Alipewa! Tena jogoo! Hasara juu ya msiba!"

Nguchiro akajitupa chini kwa mgongo, miguu juu. "Kumbe! Jamani, kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Hebu niambieni wenyewe. Ni nani anayevaa nguo ya marehemu, akalala kaburini akidai kuku, akamwagiwa majivu, na bado akapewa jogoo?"

Ajuza mmoja wa Kitembo, aliyekuwa akikoroga uji, akaacha mwiko. "Huyo," akasema, "ni mtani."

Na mtani, watoto wangu, mnamjua. Ni yule ambaye ukoo wake na wako zilikubaliana tangu mababu kutukanana bila kununa. Msibani ndiyo kazi yake, kuwachekesha wafiwa. Kumpiga ni mwiko.

"Subiri kwanza," akanong'ona Tembo, jasho likimtiririka. "Ile ya kaburini nilitia chumvi kidogo..."

"Mzee!" akasema Nguchiro kwa sauti ya kusikika mpaka magharibi. "Umedanganya mbele ya jeshi lako?"

"Nani? Mimi? Kila neno ni kweli tupu!"

"Na wewe, Mzee Kiboko, yale majivu?"

"Majivu ya moto!" akaapa Kiboko.

"Basi ninyi ni watani. Haya, atakayempiga mtani wake ajitokeze, laana imwone vizuri."

Hakutoka mtu. Kiboko akakohoa. Akamtazama Tembo toka juu mpaka chini.

"We masikio ungo," akasema kwa kujaribu.

Tembo akavimba, akavimba, mwisho akapasuka kwa kicheko. "We pipa lenye miguu ya kuazima!"

Ikawa mvua ya matusi, mashariki na magharibi, wakishika mbavu kwa kicheko mpaka jua likazama. Fisi peke yake alizunguka akilia, "Jamani, hafi hata mmoja?"

Nguchiro akaingia ndani, akajilaza kando ya wanawe. Mama Chuchu akamwuliza, "Baba, kweli hao walikuwa watani?"

"Mungu anisamehe, mke wangu, sijui. Mimi nimeuliza tu, wamejibu wenyewe."

Basi, wanangu, anayetaka kupigana na jirani yake na asimulie kwanza ugomvi wote mpaka mwanzo, tena kwa sauti, ajisikie anavyochekesha.