Kisu Kilichoitika Ukunguni

Wapendwa, kabla sijafungua Kitabu, niwaulize. Nani hapa ana kisu cha mhunzi nyumbani kwake? Nyosheni mikono, msiogope, hakuna polisi humu ndani. Naam. Akina mama ndio wengi.

Basi mnakijua kisu ninachokisema. Si kile chembamba cha dukani chenye mpini wa plastiki, ambacho ukichunia mbuzi mmoja kinapinda. Nasema kile kizito, kilichofuliwa kwa springi ya lori, chuma kimoja kutoka ncha mpaka mwisho wa mpini. Hakikunjwi, hakina madoido, na mtu wa kawaida anakimudu. Unachanjia kuni, unachimbia viazi vikuu, kwa mgongo wake unapigilia msumari, halafu unakiosha unakatia nyama.

Kulikuwa na mtu mmoja wa milimani aliyekwenda kwa mhunzi kutafuta kisu cha namna hiyo.

"Unataka cha kazi gani?" mhunzi akamuuliza.

"Kazi yoyote ngumu."

Mhunzi akamtolea kimoja chenye mpini uliovikwa mti wa mpera. "Chukua hiki, hakitakuangusha. Mdogo wako amechukua pacha wake juzijuzi. Vyote viwili nimevitoa kwenye springi moja."

Yule mtu akalipa akaondoka. Mhunzi alikuwa wa kijiji kingine, hakujua kwamba ndugu hao hawasemezani. Waligombana kwa ajili ya mfereji wa maji. Mkubwa alisema mdogo anageuzia maji shambani kwake kwa zamu isiyo yake. Mdogo akasema kaka yake anamwonea tangu baba yao alipofariki. Wakakunjana mashati palepale mferejini, mpaka majirani wakawaachanisha. Tangu hapo, mmoja akiingia msibani, mwingine anaaga na kuondoka.

Sasa mtazameni huyu mkubwa anarudi nyumbani na kisu chake kiunoni. Njia nzima anawaza neno moja. Mdogo wangu amenunua kisu. Amenunua cha nini?

Jamani, yeye mwenyewe alikuwa amekinunua cha nini? Cha kazi. Lakini je, ilimjia akilini kwamba hata mwenzake ana kuni za kuchanja? Haikumjia.

Kesho yake asubuhi mkewe akamwambia, "Baba Nakijwa, mbona unakikodolea macho hicho kisu? Si uende ukakate miti ya banda la mbuzi?"

Akaenda. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alipoingia msituni akawa haoni mbele zaidi ya urefu wa kitanda. Matone yanadondoka kutoka kwenye majani, tap, tap, na ndege wote kimya. Pembeni mwa njia akakuta koti limetundikwa kwenye kisiki. Akalishika. Lilikuwa limelowa umande, na lilikuwa la mdogo wake.

Angeweza kurudi. Hakurudi. Akajiambia, msitu ni wa wote. Akaupanda mteremko mpaka kwenye miti aliyoitaka, akachomoa kisu, akakata.

Ko.

Na huko ndani ya ukungu, kitu kikaitika. Ko.

Akafikiri ni mwangwi. Akakata tena, ko, ko, halafu akatulia. Kikapita kimya kirefu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Ndipo ikaja: ko, ko.

Wapendwa, mwangwi haungoji. Mwangwi hauvuti pumzi.

Nywele zikamsimama. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya kisu chake mwenyewe, uzito uleule, chuma kilekile, kana kwamba kimetoka mkononi mwake kikaenda kujificha huko kwenye weupe.

"Nani?" akaita. Hakuna aliyejibu. Ila ko moja, ya pole.

Akahama, akaenda upande wa juu, akakata fimbo kwa kusudi la kusikiliza tu. Ikaitika. Mara ikaonekana kutoka chini, mara kushoto, maana ukungu hugeuza sauti. Yeye akaona anazungukwa. Ndipo akakumbuka lile koti, akakumbuka maneno ya mhunzi, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake vizuri sana. Ni yeye. Ananifuata. Ananichezea kwanza ili nijue kwamba anakuja.

Akaacha kukata. Akakaa chini, mgongo kwenye shina la mti, kisu kimelala mapajani, akangoja.

Ko. Kimya. Ko, ko. Kimya.

Akakaa hapo asubuhi karibu yote. Ule mlio ukaanza kupungua. Ukawa unakuja kwa nadra, ukawa dhaifu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuambiwa haina watu. Na mnajua yule mtu alihisi nini? Alihisi nafuu. Kila ulipofifia, mabega yake yakashuka kidogo. Akasema moyoni, amechoka, anaondoka.

Halafu ukaja tena, mara moja, karibu kuliko alivyodhani.

Hapo hofu yake ikageuka hasira. Akasema, leo tunamaliza. Akavua mabuti asisikike. Akashuka peku kwenye matope, akipita katikati ya majani, kisu amekishika sawasawa. Ukungu ukafunguka kidogo, akaona mkono. Mkono wa mtu umeshika kisu cha mpini wa mpera, unapanda taratibu, unashuka kwenye gogo. Ko.

Akainua chake juu.

Na akiwa amekiinua hivyo, akaona kwamba hakuna kingine cha kuona. Ni mkono tu, na kichwa. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya gogo.

Mdogo wake alikuwa akipunguza matawi ya mti ulioanguka, mti ukabingirika ukamwangukia. Ulikuwa umembana mguu, na kifua kimegandamizwa kwenye ukingo wa udongo, pumzi ya kupiga kelele hana. Kilichobaki huru ni mkono mmoja na kisu.

Mkubwa akashusha kisu.

"Kaka," yule wa chini akasema, kwa sauti ya mtu anayelala. "Nilikusikia unakata. Nikajua ni wewe. Tangu utotoni unakata hivyohivyo, mbili halafu unapumzika. Nikasema, Mungu asante, kaka yupo."

Mkubwa akachuchumaa kando ya gogo.

"Halafu ukanyamaza. Nikadhani umekwenda zako. Hukunisikia, eeh?"

Ndugu zangu, wewe ungejibu nini hapo? Alisema, "Ngoja. Usiseme." Akapiga magoti akaanza kuchimba. Alichimba udongo chini ya gogo kwa kisu kile, akang'oa mawe kwa ncha yake, akakata mizizi minene kama mkono. Akachonga mti akaupenyeza, akainua huku analia, kamasi na machozi, mpaka mguu ukatoka. Kisu hakikupinda hata kidogo. Akambeba mgongoni akashuka naye mpaka barabarani.

Hospitalini, daktari akawatazama akasema mguu umekaa bila damu muda mrefu mno. Wakaukata chini ya goti.

Yule mdogo aliporudi nyumbani, kila aliyekuja kumpa pole alimwambia hadithi moja. "Kaka yangu ndiye aliyenitoa. Alichimba kama mnyama." Watu wakamsifu mkubwa. Wanawake wakampelekea ndizi. Naye akawa anakonda. Chakula hakishuki. Akisikia jirani anachanja kuni anatoka nje, anasimama katikati ya uwanja.

Mpaka ikafika siku hakuweza tena. Akaenda kwa mdogo wake mchana kweupe, akamkuta ameketi barazani, gongo limeegemezwa ukutani.

"Nina neno," akasema. "Nilikusikia. Nilikusikia tangu mwanzo. Nilikaa chini nikangoja unyamaze. Na nilipokuja, sikuja kukutoa. Nilikuja kukuua."

Mdogo akatazama shamba. Kisha akasema, "Najua, kaka. Nilikuona ulivyokiinua."

"Uliona? Kwa nini hukusema?"

"Niliona pia ulivyokishusha." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimekungoja uje. Siku zote hizi nimekaa hapa nakungoja."

Wapendwa, hadithi yangu imeishia barazani hapo, na sasa naomba niseme na sisi.

Sisi tukiona kisu mkononi mwa tunayemchukia, hatuulizi kinafanya kazi gani. Akikohoa, anatukejeli. Akitusalimu, ana lake jambo. Akinyamaza, anapanga. Inawezekana mtu huyo amebanwa mahali, hana pumzi ya kuita jina lako, anagonga kwa kile kidogo kilichobaki mkononi mwake. Na wewe umekaa na mgongo kwenye mti. Jambo linaloniogopesha mimi, mchungaji wenu, si hasira tulizo nazo. Ni ile nafuu. Ni kwamba ndugu anafifia, nasi mabega yanashuka, tunalala vizuri, na bado tunakuja hapa kuimba.

Mguu ule haukurudi. Msamaha ulipatikana, lakini mguu haukurudi. Msiseme nitakwenda mwakani.

Kanisa letu lina milango miwili. Nimewatazama kwa muda mrefu, nawajua mnaotoka kwa ule wa kushoto ili msikutane na wanaotoka kwa ule wa kulia. Leo nimemwomba mzee wa kanisa aufunge mmoja. Tutatoka wote kwa mlango mmoja, na mimi nitasimama hapo nje, sina haraka.

Tusimame.