Nguzo Iliyomziba Mwinyi Zahidi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mji, na mjini msikiti mkongwe, hata aliyeujenga hajulikani. Kuta za mawe ya matumbawe, chokaa juu ya chokaa, dari ya boriti za mikoko. Boriti ni fupi, haivuki msikiti mzima. Basi wazee wakasimamisha nguzo nene katikati, mbele ya kibla, ibebe dari.

Mkuu wa mji alikuwa Mwinyi Zahidi. Kwa kuchelewa, bwana yule hakuwa na mfano. Kila Ijumaa anafika wa mwisho, anakaa nyuma ya nguzo, hamwoni imamu.

"Nguzo hii inanikera," akasema. "Ivunjwe."

Alhamisi asubuhi, patasi zikaanza. Ko! Ko! Ko! Mawe yakadondoka.

Akaja Mzee Shekuwe, fundi wa chokaa, macho yamefifia, mikono ingali mizima. Akapapasa juu ya nguzo, akakuta ufa mwembamba. Akaogopa. Kesho mji mzima ungesali chini ya dari ile.

"Mwinyi, simamisha kazi hadi alasiri."

"Ufa huo ni wa zamani, mzee."

"Huenda. Na tuuulize wenyewe."

Akakoroga chokaa, akauziba ufa. "Chokaa haina upendeleo. Ikibaki nzima, vunjeni. Ikipasuka, dari inashuka."

Wakakaa. Adhuhuri, kimya. Wakakaa. Alasiri inakaribia, tss! Chokaa ikapasuka. Ufa ukarudi, mpana kuliko mwanzo.

Mwinyi akaamuru patasi zitupwe chini. "Mzee wangu, tufanyeje?"

"Leteni miti, tuishikilie dari. Kisha kila jiwe lirudi kwake."

Wakarudisha. Mwinyi mwenyewe akakanda chokaa, kanzu ikaharibika, wala hakujali. Ijumaa watu wakasali, dari ikatulia. Salamu ilipotolewa, watu wakashusha pumzi, wengine wakalia kwa furaha. Alhamdulillahi.

Mwinyi, nyuma ya nguzo kama kawaida, akanong'ona, "Lakini mzee, imamu bado simwoni."

"Wahi, mwanangu. Ukiwahi, nguzo itakuwa mgongoni kwako."

Ijumaa iliyofuata, aliyefungua mlango wa msikiti alimkuta Mwinyi Zahidi kizingitini, anangoja. Akaingia safu ya mbele. Nguzo ikawa nyuma yake, akaiegemea hadi adhana.

Nanyi, kabla hamjavunja cha wazee, ulizeni kimebeba nini. Hadithi yangu imefika hapo, naiegemeza ukutani.