Jina Lililokatikia Hewani

Hii isome ukiwa umekaa, kisha mtumie yeyote anayejisifu kwamba kompyuta ni mali yake.

Huko Tukuyu aliishi Mzee Ambakisye, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa na kompyuta kuukuu ambayo aliiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaopendwa na wajuzi, kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo majigambo hayakuisha nyumbani. Mkewe, Bi Tupokigwe, aliruhusiwa kuifuta vumbi tu.

Binti yao Subilaga, aliyekuwa akiishi na mumewe Uturuki, akajifungua mtoto wa kike. Katika familia yao mtoto hupewa jina na babu yake, tena uso kwa uso. Nauli ya kwenda Uturuki haikuwapo, basi wakakubaliana jina litolewe kwa video, Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee Ambakisye asipoonekana, jina litatolewa na babu wa upande wa pili, Mzee Kasebele wa Mbeya, ambaye naye alikuwa na jina lake tayari; hakulitaja, ila hakuficha kwamba analo.

Jumamosi ikafika. Akina mama wa kwaya wakajaa sebuleni. Mzee akavaa suti, akawasha kompyuta. Intaneti hakuna.

"Hii kazi ndogo," akasema.

Akafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akaandika hiki na kile. Wapi! Akafungua boksi la kompyuta, akachomoa kadi ya wifi, akaipuliza, akairudisha. Akazima, akawasha. Wapi!

"Baba Subi, labda..." mkewe akaanza.

"Mama Subi, hii ni Linux. Siyo redio."

Saa nne ikakaribia. Mzee alianza kuogopa kweli, maana mjukuu wa kwanza huja mara moja tu. Jasho likamtoka, na Tukuyu yenyewe baridi. Akavuta kitambaa kilichokuwa juu ya kabati, akajifuta uso, kisha akaandika amri ya mwisho kwa kukata tamaa. Haikupita muda, mtandao huo!

"Mmeona?" akasema kwa sauti. "Amri ile ndiyo dawa yake!"

Kwaya ikapiga makofi. Bi Tupokigwe akapanga sebule upya, kila kitu kikapendeza.

Subilaga akatokea kwenye skrini na mtoto mikononi. Mzee Kasebele naye akatokea, na salamu zikaanza. Akauliza habari za mvua, za migomba, za ng'ombe, za goti la Mzee Ambakisye. Mzee akajibu moja moja, kisha naye akauliza zote upya, goti pia. Salamu hazikatizwi.

Mwishowe akasafisha koo. "Mjukuu wangu, leo nakupa jina. Utaitwa..."

Picha ikaganda. Mtoto alikuwa anapiga miayo.

Mzee akairukia ile amri yake ya dawa. Haikufua dafu. Akairudia, akairudia tena. Simu yake ya kitochi ikaita. Alikuwa Mzee Kasebele.

"Mkwe, jina limekatikia hewani. Nanywa kikombe kimoja cha chai. Nikimaliza hujarudi, nataja langu."

Mzee Ambakisye akatoa mikono kwenye kibodi. Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, akauliza.

"Mama Subi, tangu mtandao uliporudi mpaka ulipokatika, nini kimebadilika humu ndani?"

"Hakuna, Baba Subi. Nimetandika tu kitambaa kingine juu ya kile kisanduku cha intaneti. Cha kwanza si umejifutia jasho? Wageni wamejaa, sikuweza kukiacha uchi."

Mzee akaenda kabatini. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa chini ya kitambaa kinene cha kufuma, kimekunjwa mara mbili, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Akaigusa. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Kumbe nimehangaika na kompyuta, na mgonjwa amevishwa sweta!" akasema, akaanza kuipepea kwa kofia yake huku kwaya nzima ikiangua kicheko.

"Kile cha kwanza nilikitandika tangu jana usiku," mkewe akasema. "Nilitaka kukwambia, ukasema siyo redio."

Mzee akaona aibu, kisha akacheka kuliko wote. Ruta ilipopoa, taa zake zikatulia na picha ikarudi. Mzee Kasebele alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Mtoto huyu ataitwa..."

"Ngoja, mkwe!" Mzee Ambakisye akapaza sauti.

Wiki nzima alikuwa ameandaa jina la shangazi yake. Lakini akamtazama mkewe, aliyesimama pale na maua yake ya plastiki mkononi, na moyo ukamjaa. Shangazi angesubiri.

"Mjukuu wangu, utaitwa Tupokigwe."

Vigelegele vikapasua sebule. Bi Tupokigwe akafunika uso kwa khanga, akalia kwa furaha. Mzee Kasebele akapiga makofi mpaka picha yake ikatikisika.

"Mkwe," akasema, "hilohilo ndilo nililokuwa nalo. Nilijua wewe hutalifikiria!"

Funzo: Tatizo likiisha, usikimbilie kushangilia, jua kwanza limeishaje. Na wa kwanza kumuuliza ni yule unayeishi naye.