Singo ya Mwisho ya Bi Hafidha

Kitu chema hakina haja ya kupiga kelele. Hukaa mahali pake, na wanaokihitaji hukifuata wenyewe. Kibovu ndicho hubisha hodi kila mlango, kikijisifu na kuapa. Wahenga walikwisha kuyasema hayo, nasi tunayaimba shuleni tangu tukiwa na meno ya utotoni. Lakini kuyaimba si kuyasikia. Muulizeni Salha wa Sombetini.

Salha alikuwa ameposwa na Jamaldini, fundi magari wa Sakina, na harusi ilikuwa wiki iliyofuata. Alikuwa msichana wa kupendeza, ila chunusi zilimwachia madoa mashavuni, na madoa hayo yalimnyima raha. Kila akifikiria saa ya kufunuliwa ushungi mbele ya mama mkwe na mawifi, alikimbilia kioo.

Shangazi yake, Bi Hafidha, ndiye aliyewasinga maharusi wa mtaa mzima. Hakuwa na kibao wala tangazo. Alitwanga liwa, karafuu na mawaridi katika kinu chake, akachanganya na marashi ikawa singo, kisha akamsugua bibi harusi taratibu mpaka ngozi itakate. Watu walimfuata hata kutoka Moshi.

Lakini Salha alitaka mambo ya kisasa. Alikwenda kwenye saluni moja ya ngozi kule Engutoto, akakuta benchi limejaa wateja. Mwenye saluni, dada aitwaye Sia, alimkagua mashavu kwenye mwanga wa dirisha, akamuuliza anapaka nini na harusi ni lini, kisha akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, ngozi ikishachubuliwa inataka muda ipone. Nikikugusa leo nitakuharibia. Olewa kwanza, halafu uje."

"Dada, nitakulipa hata mara mbili!"

"Hata mara kumi. Nenda salama."

Salha alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Mfanyabiashara gani huyo anayekataa hela? Alijiona amedharauliwa.

Kesho yake pikipiki yenye kipaza sauti iliingia mtaani. "Mng'aro! Mng'aro mpaka mlangoni kwako! Madoa, chunusi, sugu, vyote kwaheri!" Mwenyewe alijiita Dokta Mng'aro: koti jeupe, begi jeusi, maneno matamu kama asali. Mama yake Salha alikuwa sokoni. Salha akamkaribisha ndani. Dokta hakuuliza anapaka nini, wala harusi ni lini. Alichovya pamba kwenye chupa isiyo na maandishi, akampaka uso mzima.

"Inaunguza, dokta!"

"Ndiyo inafanya kazi hiyo. Urembo kazi, bibie!"

Siku chache baadaye uso ulianza kubambuka kama ganda la kitunguu, na chini yake ikatokea ngozi changa, nyororo, isiyo na doa. Salha nusura apige vigelegele peke yake chumbani. Mbele za watu alijifunika mtandio, akisingizia baridi ya Meru.

Siku ya kusingwa ikafika. Bi Hafidha alimketisha mkekani, akamuuliza swali alilomuuliza kila bibi harusi.

"Umepaka kitu chochote usoni, mwanangu?"

Salha alijua jinsi shangazi yake alivyowachukia madokta wa pikipiki. Akaogopa.

"Sijapaka, shangazi."

Jamani, neno moja tu lingemwokoa! Chumba kilikuwa na mwanga hafifu na macho ya Bi Hafidha yalikuwa yameanza kuzeeka. Aliamini, akachota singo. Karafuu ilipoigusa ngozi ile mbichi, Salha alipiga ukelele uliowatoa majirani majumbani. Walimmwagia maji, lakini wapi! Kufika jioni uso ulikuwa umevimba, umejaa malengelenge.

Mama yake, Bi Sophia, alimgeukia wifi yake mbele ya umati. "Umenichomea mwanangu! Kijicho gani hiki, wifi?"

Bi Hafidha hakujitetea. Alimtazama Salha, akingoja neno. Salha alifumba macho, akanyamaza. Basi mama wa watu akachukua kinu chake, akajitanda khanga, akaondoka huku wanawake wakimpisha njia kama mchawi.

Harusi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha Jamaldini akawa hapokei simu tena. Hospitalini daktari alisema makovu yatabaki. Hapo ndipo Salha alipomweleza mama yake ukweli, nao wakaenda kuomba radhi.

"Nimekusameheni," alisema Bi Hafidha. "Lakini kinu nimekitupa. Sitamsinga mtu tena. Nilikuuliza, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

Salha alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja alikuwa ameketi ndani, dirisha limefungwa, kioo kimegeuzwa ukutani, aliposikia sauti anayoijua. "Mng'aro! Mng'aro mpaka mlangoni kwako!" Akasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na binti wa jirani akiita, "Dokta, ngoja, nakuja!" Salha aliinuka amzuie. Alifika mlangoni, akashika komeo, akakumbuka uso wake. Akaliachia. Aliona haya kutoka, na huko nje kicheko cha yule binti kikaingia ndani kwao pamoja na dokta. Ndiyo maana wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.